Tupeane uzoefu: Msako wa kulungu wa kundi, unavyopangwa na kwa nini unapotea Marekani

MletaMada_Iowa

Wadau wa uwindaji, uzi huu ni wa msako wa kulungu, ule wa kundi: nusu ya watu wanapita msituni kuwafurusha wanyama, nusu wanangoja upande wa pili na bunduki. Vijijini Iowa, Wisconsin na Pennsylvania familia na majirani waliwinda hivyo kila Novemba na Desemba. Siku hizi wengi wanakaa peke yao juu ya ulingo, na kamera iliyofungwa kwenye mti inawaletea picha za kulungu kwenye simu. Wanaojua kupanga msako wanazeeka, na ujuzi wao haumo kwenye kijitabu cha sheria. Naomba tuweke hapa mambo ya kazi: nani anasimama wapi, upepo, sheria, na kinachoharibika. Picha za pembe kubwa tuziache kwa leo.

Naanza na msingi. Kulungu wa mkia mweupe, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kwa kawaida amelala kwenye kichaka kizito, kinamasi au shamba la mahindi lisilovunwa. Saa hizo aliye ulingoni anaganda kwa baridi bila kuona kitu. Msako ni wa saa hizo. Chagua eneo linalolingana na watu wako: watu sita wanatosha kijisitu cha ekari 5 hadi 15. Hao hao sita wakiingia msitu wa ekari 100, kulungu watawazunguka na kurudi kulala walikokuwa.

Kinamasi_WI

Asante mkuu kwa kuanzisha hili. Mimi nitakaa kwenye kupanga watu, maana msako hushinda au hushindwa kabla msakaji wa kwanza hajapiga hatua.

Wangojaji wanaingia kwanza. Wapewe dakika 20 hadi 30, wazunguke njia ndefu, wasifunge mlango wa gari kwa kishindo, wasiongee. Kosa linaloua misako mingi ni mngojaji kukata njia kupita kwenye ujia ambao kulungu atautumia kutoroka. Mnyama akifika pale ananusa nyayo mbichi, anageuka, na mngojaji anaendelea kusubiri kitu ambacho hakiji.

Upepo uwe mgongoni kwa wasakaji, ukivuma kuelekea kwa wangojaji. Hivyo harufu ya wasakaji inatangulia na kumwamsha kulungu, na harufu ya wangojaji inaondoka nje ya eneo. Upepo ukigeuka, geuza msako mzima, hata kama watu wameshashuka kwenye magari. Ukipuuza hapo, kulungu wataifahamu mistari yote miwili na watatokea ubavuni.

Na ubavuni ndiko dume kubwa hutokea, mara nyingi dakika tano za mwanzo, kabla wasakaji hawajatembea hata mita 100. Kwa hiyo wangojaji wa ubavuni wakae karibu na mahali msako unapoanzia, wakiwa tayari kabla ya wengine wote. Angalia ramani utafute shingo: mahali msitu unapobanwa na mashamba pande mbili, mtaro wenye nyasi ndefu, mstari wa miti kando ya uzio, tandiko, yaani sehemu iliyobonyea kati ya vilima viwili. Kulungu hapendi kuvuka uwanda mtupu mchana. Atafuata kificho hata kama ni chembamba kama barabara ya mtaa.

Wasakaji waachane mita 30 hadi 40 kwenye kichaka kizito, mita 70 ikiwa msitu ni wazi. Kila mtu amuone wa kushoto na wa kulia wake, au angalau aone rangi ya koti. Asiyemuona mwenzake asimame, aite. Mstari ukipinda, yaani mmoja ametangulia na mwingine amebaki, kulungu hupita kwenye pengo na kurudi nyuma.

NyikaTulivu

Naongezea kwa Kinamasi_WI, na kuna kitu kinachosemwa sana ambacho nakipinga. Watu hudhani msako ni kelele: kupiga mayowe, kugonga miti, kubweka kama mbwa. Kelele zinamwambia kulungu kila msakaji alipo, naye anapima pengo. Dume mzee hulala kifudifudi, shingo imenyooshwa ardhini, anakuacha upite mita 10 kutoka alipo. Kinachomtoa ni kimya. Tembea hatua ishirini, simama dakika nzima, pinda kushoto, pinda kulia, ingia ndani ya kila rundo la matawi. Ukisimama ghafla anaamini ameonekana, anainuka. Akifurushwa hivyo anaondoka kwa mwendo wa kutembea au kukimbia taratibu, na mngojaji anapata shabaha ya haki. Akifukuzwa kwa mayowe anatoka mbio za roho.

Pia weka watu wawili wanaofuata nyuma ya mstari kwa mita 100 hivi. Wanaorudi nyuma huangukia kwao. Kundi la watu wanane lenye wafuataji wawili linapata zaidi kuliko kundi la kumi na wawili lililopangwa mstari mmoja.

Kinamasi_WI

Hapo umenishinda kwa msitu. Kwenye mahindi yaliyosimama lakini sauti inasaidia, kwa sababu wasakaji hawaonani kabisa, na kukaa kimya ni hatari kuliko kumkosa kulungu. Wasakaji waitane kila baada ya muda mfupi. Na usifuate mistari ya mahindi: ikate. Mistari imeachana kama sentimita 76, kwa hiyo unachungulia mstari kushoto na kulia, unaingia unaofuata. Siku ya upepo majani yanapiga kelele na kulungu hakusikii ukija.

Mgeni_DesMoines

Samahanini wakubwa, swali la asiyejua. Huyu mnyama anayekimbia unampigaje? Na wasakaji si wako mbele ya bunduki?

MletaMada_Iowa

Swali lako la pili ndilo kubwa, nalijibu kwanza. Mkuu wa msako ni mmoja tu, na kabla ya kuanza anachora ardhini kwa kijiti: hapa wasakaji, hapa wangojaji, hapa mwisho. Kila mngojaji anaonyeshwa kwa kidole upande anaoruhusiwa kupiga na upande uliokatazwa. Makundi makini yana kanuni hizi: mngojaji hapigi kuelekea ndani ya msako, anamwacha kulungu avuke mstari wake ndipo anageuka na kupiga nje, risasi ikielekea ardhini au kwenye kilima. Wasakaji wanatembea na bunduki tupu, au hawabebi kabisa. Mngojaji haondoki mahali pake mpaka aambiwe, hata kama amepiga, hata kama damu anaiona. Ajali nyingi za msako zinatokana na mtu aliyehama mita 40 "aone vizuri zaidi", wakati mwenzake bado anaamini yuko kule alikomwacha.

Ngazi fupi ya ulingo, mita 2 au 3, inasaidia sana kwa mngojaji, kwa kuwa risasi yake inashuka ardhini badala ya kusafiri sambamba na uwanda.

Sasa shabaha. Kulungu anayekimbia kilomita 48 kwa saa anakwenda zaidi ya mita 13 kwa sekunde. Risasi nene moja ya shotigani, ikienda wastani wa mita 450 kwa sekunde, inachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika mita 45. Katika muda huo kulungu amesogea mita 1.3, karibu urefu wa mwili wake. Ukilenga bega, unapiga tumbo au mapaja, au hewa. Ndiyo maana nasema: usimpige anayekimbia kasi. Piga mluzi au lia kama mbuzi, "mbeee". Wengi husimama sekunde mbili kusikiliza. Akikataa kusimama na umbali umezidi mita 40, mwache.

Akijeruhiwa, weka alama aliposimama na alipoonekana mwisho, kisha subiri. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu: nusu saa inatosha. Majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ni tumbo: saa sita hadi nane, na eneo hilo lisisakwe tena siku ile. Kundi lenye haraka ya kwenda msako unaofuata humsukuma majeruhi hadi shamba la jirani asiyewaruhusu.

Bonde_la_PA

Upande wa sheria, kila jimbo lina yake, msidanganyane. Pennsylvania kundi haliruhusiwi kuzidi watu 25, na kila mtu avae rangi ya chungwa inayong'aa, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni kwa pamoja (kama sentimita za mraba 1,600), ionekane pande zote. Wisconsin nusu ya nguo za juu ya kiuno lazima iwe chungwa au, tangu 2016, waridi inayong'aa. Maine wanaosaka pamoja hawazidi watatu, bila vyombo vya kupigia kelele. Wisconsin mwanakundi anaweza kumuua kulungu kwa kibali cha mwenzake, lakini wawe wanaonana au wanasikiana kwa sauti. Kuwasiliana kwa redio au simu hakuhesabiki.

Mnaouliza kwa nini msako unapotea: kulungu hawajapungua, ni ardhi iliyokatwa. Msako unahitaji kijisitu chote, pamoja na mahali kulungu atakapotokea. Shamba la ekari 200 la zamani leo ni viwanja kumi, kila kimoja na bango la "usiingie". Mmoja akikataa, huna pa kuweka wangojaji. Mwingine amekodisha ardhi yake kwa wawindaji wa ulingo wanaomlea dume afike miaka minne au mitano, nao hawataki mtu ayafurushe mashamba ya jirani. Ninawaelewa, lakini ujue matokeo: kulungu wanalala bila kuguswa msimu mzima, wanatoka usiku tu, kisha wenye ulingo wanalalamika hawaoni kitu.

Na watu wamepungua. Takwimu za serikali kuu zilihesabu wawindaji milioni 14.1 mwaka 1991 na milioni 11.5 mwaka 2016. Hapa Pennsylvania msimu wa raifoli ulikuwa unafunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo. Tangu 2019 unafunguliwa Jumamosi. Wafanyakazi wamepata nafasi, ila kambi ambazo watu walikaa wiki nzima zimekuwa za siku mbili, na kwa siku mbili hufundishi kijana kujua njia za kulungu za bonde zima.

Mbwa_wa_Kusini

Kusini msako ni wa mbwa: Virginia, Carolina zote mbili, Georgia na kwingine. Mbwa hawajui mipaka ya mashamba, kwa hiyo huko ugomvi wa ardhi ni mkali zaidi. Texas walipiga marufuku mwaka 1990. Waliotoka Unguja watautambua mtindo huu, maana wasasi wa kule walisaka paa kwa mbwa na nyavu kwenye misitu inayoota juu ya mawe, mpaka paa nunga akabaki mchache na kuwekewa ulinzi.

Berlin_Mashariki

Ujerumani msako bado una nguvu, na nidhamu yake ingeweza kuokoa msako wa Marekani. Kila mpigaji amewekwa kwenye ulingo mfupi, ana saa ya kuanza na saa ya kumaliza, haondoki katikati. Haruhusiwi kupiga ndani ya nyuzi 30 kutoka alipo jirani au msakaji. Baada ya hapo wanyama wanapangwa chini kwenye matawi ya msonobari, na baragumu zinapigwa kwa kila aina ya mnyama.

Mgeni_DesMoines

Shukrani kwa wote. La mwisho: nyama inagawanywaje? Na sisi Waislamu?

Kinamasi_WI

Mgawo ukubaliwe asubuhi, kabla ya risasi ya kwanza. Kawaida ni sehemu sawa kwa kila aliyetembea au kungoja, bila kujali nani alipiga. Kundi linalompa mpigaji mnyama mzima hukosa wasakaji mwaka unaofuata. Kulungu wa kilo 55 baada ya kutolewa matumbo hutoa kama kilo 25 za nyama isiyo na mfupa. Kwa watu wanane ni kilo tatu na kidogo kila mmoja. Toa matumbo mara moja, mpasuo uanzie juu ya kibofu ukipanda kifuani, vidole viwili chini ya kisu ili usitoboe utumbo. Mbavu ziachwe wazi kwa kijiti, nyama ipoe.

Kwa Waislamu, mpigaji anataja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na mnyama akikutwa hai anachinjwa hapo hapo. Mwambie mkuu wa msako mapema, ili uwe mngojaji na uwe wa kwanza kumfikia uliyempiga.

Kuna ugonjwa wa kudhoofika kwa kulungu, ulithibitishwa Wisconsin mwaka 2002. Unapimwa kwa tezi za nyuma ya koo, kwa hiyo kichwa kisitupwe msituni. Weka nyama ya kila mnyama kwenye mfuko wake wenye namba ya kipimo, usichanganye kulungu wawili kwenye mashine moja ya kusagia, na msigawane mpaka majibu yarudi. Akionekana na ugonjwa, nyama yote ya yule mnyama hailiwi, na sehemu za wote zinahesabiwa upya kutoka kwa waliobaki.