Mjusi wa Tendaguru: arudishwe nyumbani au abaki Berlin?

Mwana wa Mchinga: Ndugu zangu, salaam. Juzi nilimpeleka mwanangu Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert. Aliposikia kwamba mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, yaani dinosaria, ilichimbwa Tendaguru, kwetu Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, akauliza yuko chumba kipi. Nilikosa jibu, kwa sababu mjusi huyo, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937. Kwa nini hatumdai?

Mkaazi wa Upanga: Uchungu wako naufahamu, ndugu, lakini mifupa ile inataka ukumbi mrefu, hewa isiyo na unyevunyevu na mafundi wa kuitunza kila siku. Isitoshe, hata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliloligundua Dokta Leakey kule Oldupai mwaka 1959, nilipokwenda nilionyeshwa nakala tu. Ikiwa tulicho nacho tunakificha, tukiletewa kingine tutakifanyia nini?

Mwalimu Mstaafu: Mwenye mada aniwie radhi, lakini neno "tunakificha" limenichoma. Fuvu lile lina umri wa miaka ipatayo milioni 1.75 na lilitoka ardhini likiwa mamia ya vipande vilivyounganishwa kimoja kimoja, kwa hiyo kulitunza mbali na mikono na mwanga si kulificha. Wanafunzi wangu walijifunza kwa nakala hiyohiyo: waliutazama ukingo wa mfupa uliosimama utosini, ambako misuli ya taya ilijishikiza, kisha wakapapasa magego yao wenyewe na kushangaa jinsi yalivyo madogo. Tena aliyeligundua ni Mama Mary Leakey, tarehe 17 Julai. Siku hiyo mumewe alikuwa kambini, amelala na homa.

Mkaazi wa Upanga: Kuhusu Mama Mary nimekosea, Mwalimu, na nimekubali. Hata hivyo, kama nakala inawatosha wanafunzi wako, basi nakala ya mjusi nayo itatutosha, na mifupa yenyewe ibaki iliko.

Binti Kalenga: Kaka, kauli hiyo kwetu Uheheni haisemeki. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, uliagiza fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, litolewe na Wajerumani, lakini likafika mwaka 1954, na leo limo Kalenga. Wazee wetu wangeletewa nakala, wangeipokea?

Mkaazi wa Upanga: Dada, shikamoo kwa wazee wako, lakini Mtwa ana wajukuu wanaomlilia. Mjusi analiliwa na nani?

Mwana wa Mchinga: Analiliwa na sisi ambao babu zetu walimbeba. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika mwaka 1907 na kuiacha nchi ya kusini katika njaa. Miaka miwili baadaye watu walewale wakawa wanatembea siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na mawe ya mifupa yamefungwa kwenye miti ya mianzi mabegani mwao. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Ikiwa mjusi harudi mwaka huu, basi Berlin watugharimie nakala kamili, isimame Lindi mjini, na jina la Boheti liandikwe miguuni pake kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la kwanza ataweza kuzisoma.

Mwalimu Mstaafu: Hilo la jina naliunga mkono. Hilo la kutosheka na nakala, bado silikubali.