Magoli 2,867 kwa mguu, huyu Jim Sullivan wa raga ni kweli au fiksi?

mgosi_wa_ngamiani
Wagosi habari zenu. Kuna mzee hapa kijiweni alikuwa baharia, meli yao ilikuwa inashusha mzigo Liverpool, basi kila tukiongelea wapiga penalti wa Coastal anatukatisha, eti hamjui kitu nyie, kulikuwa na mtu wa klabu ya Wigan ya Uingereza kwenye ile raga ya watu 13, Jim Sullivan, kapitisha mpira juu ya mwamba mara 2,867. Elfu mbili jamani!! Mi naona fiksi. Halafu hata kama kweli, si anasimama tu kusubiri faulo apige, wenzie ndo wanavunjwa mbavu?

mzee_popatlal
Mgosi huyo mzee mnunulie kahawa. Namba ni ya kweli, mechi 928 kuanzia 1921 mpaka 1946, na 774 kati ya hizo kachezea Wigan. Kusimama wapi, alikuwa fulbeki, yule wa mwisho nyuma, kila aliyepenya ukuta anakutana na yeye. Piga hesabu mwenyewe, goli pointi 2 hapo una 5,734, weka trai zake 96 (trai ni kugusisha mpira chini kule mwisho kwa wapinzani) za pointi 3 inakuja 6,022.
Na hapo kwenye pointi ndo penyewe. Trai siku zile 3 tu (imekuwa 4 mwaka 1983), kwa hiyo penalti mbili zinamzidi aliyekata mbio uwanja mzima akagusisha mpira chini. Tena hakukuwa na kikomo cha kukabwa, timu inang'ang'ania mpira weee mpaka ichoke yenyewe, kuhesabu kumeanza 1966. Sasa mpira hupewi, ukipata faulo hata mbali huko unafanyaje, si unamwita Sullivan.

binti_raskazone
Shikamoo mzee popatlal, naongezea la hela. Raga ya ligi, ndo hiyo ya watu 13, ilizaliwa Huddersfield 1895, klabu za kaskazini ya Uingereza zilijitoa kwa sababu wachezaji wao watu wa migodini na viwandani, ukienda kucheza Jumamosi mshahara unakatwa, wakadai fidia wakanyimwa. Kufika 1898 wakaruhusu malipo waziwazi. Wale wa raga ya zamani ya watu 15, waliyoiacha, wakasema atakayesaini huko asirudi kwetu maisha. Sullivan alikuwa kijana wa Cardiff kule Wales, Wigan wakampa pauni 750 ana miaka 17, kachukua. Ndo maana jezi ya Wales ya watu 15 hajawahi kuivaa, mimi kwangu hilo linauma kuliko magoli yote hayo.

kiboko_wa_mkwakwani
Mbona hamsemi ile ya 1925? Wigan 116 Flimby & Fothergill 0, peke yake kapiga magoli 22. Vitimu vya vijijini hivyo, hata mi ningefunga.

mzee_popatlal
Ungefunga mwanangu, lakini trai zilikuwa 24 na yeye kapatia 22, na ukumbuke baada ya kila trai unapewa nafasi ya kupiga goli, na mpira unaupigia usawa wa pale ulipogusishwa, ikiwa pembeni kabisa milingoti unaiona nyembamba kama uzi. Halafu alivuka magoli 100 misimu 18 mfululizo, vitimu vya vijijini haviji kila wiki. Fainali ya kwanza ya kombe la raga hiyo kuchezwa Wembley, 1929, nahodha yeye, wa kwanza kufunga yeye, Wigan 13 Dewsbury 2.

mgosi_wa_ngamiani
Duh. Na mpira aliuweka juu ya nini, kile kiplastiki chao?

mzee_popatlal
Plastiki ya wapi miaka hiyo, unachimba kwa kisigino kwenye tope unausimamisha hapo. Na mpira wenyewe ngozi, mvua ikinyesha unakunywa maji unakuwa mzito balaa.

kiboko_wa_mkwakwani
Sawa mzee ila hayo 22 mi nayatoa.

mzee_popatlal
Toa. Yanabaki 2,845.