Msaada: vyumba vya hedi ya 4A-FE, namba 3 kinagoma kulingana na vingine

Mnyonge_wa_Gari: Wakuu, habari za saa hizi. Nina Corolla yenye injini ya 4A-FE, nimeishusha naifanyia ovahoo. Nimepima vyumba vya hedi (mfuniko wa juu wa injini; vyumba ndimo mafuta yanachomekea) kwa sirinji: cha 1, 2 na 4 vinameza mafuta karibu sawa, cha 3 kinajaa mapema, pungufu ya cc 3. Nikichimbe kidogo kwa grinda kilingane na vingine? Fundi anairudishia injini Jumamosi. Nijibuni upesi jamani, silali.

spana17: Umepimaje kwanza? Hedi uilaze chali, valvu na plagi zake ziwe ndani, siti (vikalio vya valvu) uzipake grisi, juu uweke perspeksi (plastiki ngumu inayoonyesha) nene yenye tundu. Inamisha kidogo ili tundu likae upande wa juu, hewa itoke. Plastiki laini inabonyea, inakudanganya. Maji nayo hushika mapovu, tumia mafuta ya taa.

Mnyonge_wa_Gari: Ndivyo nilivyofanya mkuu. Nimerudia, jibu lilelile.

Baba Noah: Achana na sirinji, kijana. Noah yangu ilinisumbua hivyohivyo, nikanunua injini used ya Japani, nikaenda nayo Mbeya msibani bila kuongeza hata tone la maji. Ila pale mlima Kitonga... hiyo siku nyingine.

Mama_Spea: Vijana mnajua cc, maji ya rejeta hamjui. Injini ilifunguliwa kwa sababu gani?

Mnyonge_wa_Gari: Ilichemsha kidogo tu.

spana17: Kidogo kiasi gani? Hedi haikupasuka?

Mnyonge_wa_Gari: Ilipata ufa kati ya valvu, hapo namba 3. Ikachomelewa, ikaskimiwa (uso ukasawazishwa kwa mashine). Lakini aliyechomelea ni mzoefu, wenye daladala wanapeleka kwake, na hela nimeshampa. Hedi nyingine siiwezi mwezi huu. Mimi nimeuliza kuchimba tu.

spana17: Sasa ndiyo unasema! Hiyo cc 3 ni nyama ya weldi. Silinda yako ni mm 81 kwa 77, yaani cc 397. Mgandamizo wa kiwandani ni 9.5 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu kabisa inabaki nafasi ya kama cc 46.7, gasketi ikiwemo. Toa 3, namba 3 inapanda hadi 10.1, na hapo sijahesabu kuskimu. Hilo si la kukunyima usingizi. Cha kuogopa ni siti: joto la kuchomelea huweza kuilegeza. Na ukichimba weldi unaweza kufukua vitundu vilivyojificha. Ipimwe presha kwenye maji ya moto kabla hujagusa grinda.

kijiwe_nongwa: Chai hii. Mtu ana perspeksi yenye tundu na mafuta ya taa, halafu eti hajui weldi inajaza chumba? Weka picha.

Mnyonge_wa_Gari: Simu yenye kamera anayo mke wangu, yupo harusini.

kijiwe_nongwa: 😂😂 Na hedi nayo imechangiwa kadi?

Baba Noah: Harusi ya wapi hiyo katikati ya wiki?

Mama_Spea: Hata kama ni chai, hedi za kuchomelea zimejaa mjini. Presha kwanza.

Mnyonge_wa_Gari: Wakuu, fundi amewahi, gasketi ameshailaza. Boliti za hedi zinakazwa kwa torki ngapi?