Mjadala: Borobudur ivishwe mwavuli wake wa jiwe au iachwe kichwa wazi?

Mzee wa Magofu:
Wakuu, heshima kwenu. Borobudur, lile hekalu la Wabudha la Java ya Kati, Indonesia, lilijengwa karne ya 8 hadi ya 9 enzi za ukoo wa Sailendra. Lina sanamu 504 za Buddha, na juu kabisa pana stupa kubwa, yaani kuba la ibada la Wabudha lenye umbo la kengele, iliyo kichwa wazi. Mhandisi Mholanzi Theodoor van Erp, alipolikarabati kati ya 1907 na 1911, aliokota vipande vya chattra, yaani mwavuli wa jiwe wa kuashiria utukufu. Akaviunga, akaupandisha. Halafu akaushusha mwenyewe, maana mawe ya asili yalikuwa machache mno, mengine kayatia yeye. Leo uko makumbusho, palepale chini. Wizara ya Dini ya Indonesia ikataka urudi juu. Mwaka 2024 mipango ikaiva, wanaakiolojia wakapinga, kazi ikaahirishwa.

Mimi nasema ubaki chini. Kule Prambanan, jirani tu, hekalu halisimamishwi upya mpaka walau asilimia 75 ya mawe yake yapatikane. Ndiyo maana kati ya mahekalu 240 mengi bado ni vifusi, na hakuna anayeona aibu. Iweje Borobudur tuivike kilemba cha ukoka?

BintiMrima:
Mkuu, unaongea kama mpiga picha. Siku ya Waisak, sikukuu ya Wabudha ya kumkumbuka Buddha, watu wanatoka kwa miguu hekalu la Mendut, wanapita Pawon, mpaka Borobudur. Hao wanakwenda kuabudu. Na mwavuli si ndoto ya waziri: kwenye michoro ya kuta za hekalu hilohilo zimechongwa stupa zenye miavuli.

Halafu nikuulize, unalinda asili ipi? Wajenzi wenyewe waliifunika ngazi ya chini kabisa, michoro 160 yote, kwa mawe mengine. Haikujulikana mpaka 1885. Ikapigwa picha, ikafunikwa tena. Sasa ukitaka asili, anza kwa kubomoa hayo mawe yaliyoifunika!

Mzee wa Magofu:
Hapo umenibana, dada, nakiri. Lakini mwenye nyumba akihamisha mlango wake anajua anachofanya. Sisi tutakuwa tunakisia. Michoro inaonyesha stupa zina miavuli, haisemi hii ya juu ilivaa wa namna gani. Van Erp alikuwa na mawe mkononi na bado moyo ukamsuta.

Bakari Kisimani:
Nyote mmemruka mwenye mji. Wabudha hawafiki hata asilimia 1 ya Waindonesia. Wanaoizunguka Borobudur wengi ni Wajava Waislamu, na msidhani hekalu haliwahusu. Watu hao hukaa mkekani kwa slametan, yaani karamu ya dua ya Kijava, dua ikasomwa, wali ukagawanywa, kila mtu akabeba fungu lake nyumbani. Kabla ya Ramadhani husafisha makaburi ya wazee. Mambo yakienda kombo hufanya ruwatan kuondoa mikosi, na wapo wanaolifanyia hekalu lenyewe. Miaka ya 1980 kuna vijiji vilivyohamishwa kupisha bustani ya watalii. Leo baadhi yao wanauza vinyago kwa watalii.

Mimi nimekulia karibu na magofu huku pwani. Nimeona kaburi linavyogeuka likishawekewa dirisha la tiketi: bibi aliyekuwa akija na ubani wake Alhamisi jioni anaanza kuonekana mzururaji. Kwa hiyo mkiniuliza mwavuli, nami nauliza getini nani anapita bure.

BintiMrima:
Kaka Bakari, hilo ni la tiketi. Mwavuli unautaka au huutaki?

Bakari Kisimani:
Siutaki wala siukatai. Wakaulizwe wale waliohamishwa, kwa Kijava, vibarazani kwao, si hotelini Jakarta.

Mzee wa Magofu:
Basi sikieni pendekezo. Uchongwe mwavuli mpya kabisa, uandikwe wazi kuwa ni mpya, usimikwe uwanjani chini, ibada ifanyike hapo. Jiwe la zamani lisiguswe, Wabudha wapate alama yao.

BintiMrima:
Mwavuli wa kuweka miguuni? Mkuu, mwavuli unakaa juu ya kichwa. Hilo pendekezo lako hata Van Erp angelicheka.