Paka kapotea, na sasa kuna mtu anadai pesa

Mama Paka aliandika:

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Paka wangu hajaonekana siku ya 3 leo. Nilitoa tangazo mtandaoni, picha na namba yangu ya simu. Asubuhi hii mtu kaniandikia: anaye, kagongwa na gari, yuko kwa daktari wa wanyama, na upasuaji hauanzi hadi nilipe. Anataka ninunue kadi za zawadi nimtumie namba za nyuma. Nimeshanunua moja, bado sijaikwangua. Mikono inatetemeka. Nifanyeje?

Kaka wa Zamu ya Usiku alijibu:

Dada, pole. Iweke hiyo kadi kabatini. Daktari gani analipwa kwa kadi za zawadi? Hizo akishapata namba, pesa imekwenda na hairudi.

Muulize ni kliniki gani. Akikutajia, itafute namba yake wewe mwenyewe, usipige atakayokupa yeye. Na upige kweli, usiandike. Hapa ndipo sisi wageni tunapoingizwa mjini: tunaonea haya lafudhi zetu, tunang'ang'ania ujumbe, na tapeli naye hataki kingine. Mimi huandika sentensi zangu kwenye karatasi kwanza, halafu nazisoma kwenye simu. Hakuna aliyewahi kunicheka. Au walicheka nikiwa nimeshakata.

Paka ana chipu, ile ndogo yenye namba inayowekwa chini ya ngozi? Kama kweli yuko kliniki, waambie waisome kwa mashine yao wakutajie namba, wewe ulinganishe na ya kwenye karatasi zako. Usiwe wa kwanza kuitaja.

Mdogo Wenu alijibu:

Shikamooni. Kwenye chipu niongeze kidogo: haina betri, haionyeshi mnyama yuko wapi. Inabeba namba tu, mara nyingi ya tarakimu 15. Atakayekuambia anamwona paka wako kwa setilaiti ukimlipa, mwongo. Ila ingia kwenye rejista ya chipu uhakikishe simu iliyoandikwa ni ya sasa. Sisi na kubadilisha laini!

Mimi mbwa alipopotea nililetewa mtego mwingine. Mtu kaniambia, "Ninaye, lakini siku hizi matapeli wengi, thibitisha kwamba ni wako. Nakutumia namba 6, nisomee." Nikamwona mtu makini kweli, hata matapeli anawaogopa! Kumbe namba hiyo ilikuwa ya kufungulia laini ya kupigia simu kwa intaneti kwa kutumia namba yangu ya simu, ili awaibie wengine kwa jina langu. Wengine huitumia kuteka akaunti yako. Ujumbe wenyewe ulikuwa umeandikwa wazi usimpe mtu. Nilikuwa sisomi, nililia tu.

Mama Paka aliandika:

Marahaba mdogo wangu. Kaka, kliniki aliyoitaja nimepiga. Hawana paka wa namna hiyo.

Nikarudi kwake, nikamuuliza mkia wa paka ukoje. Ncha yake imepinda, na kwenye tangazo haionekani kwa sababu kaukalia. Kajibu "mzuri, wa kawaida". Nikamwomba picha. Kaleta paka wangu kafungwa bandeji mguuni, amelala juu ya kochi langu! Kachukua picha yangu mwenyewe akaichezea kwa kompyuta. Nimehifadhi mazungumzo yote niyapeleke polisi, kisha nikamfungia. Nimefuta pia kwenye tangazo kiasi cha zawadi nilichomwahidi atakayempata paka.

Ila paka bado hayupo.

Kaka wa Zamu ya Usiku alijibu:

Huyo ni wa ndani, si mzururaji? Basi huenda hajafika mbali. Paka wa ndani akitishika hujibanza, hata ukimwita haitiki. Toka usiku kukiwa kimya, umulike chini ya magari na vichaka, macho yatang'aa. Na mtu akikupigia kwamba anaye kweli, mkutane mahali penye watu. Usiende peke yako.

Mama Paka aliandika:

Zamu yako inaisha saa ngapi? Tochi ninayo.