Ndoo tupu mlangoni, bunduki ya joto kwenye kifundo cha mkono: tunajikinga na mafua au tunajikinga na mkaguzi?

Kibuyu_Chirizi (mwanzisha uzi)

Mvua zimeanza, Kampala nzima inakohoa, na kwenye makundi ya WhatsApp watu wameshajitangazia janga: eti korona mpya, eti mafua ya ndege, eti shule zinafungwa Jumatatu. Hofu yao siicheki. Nchi iliyofunga shule Machi 2020 na kuzifungua zote Januari 2022 haiwezi kusikia chafya ikakaa kimya. Kinachokera ni namna wenye majengo wanavyoituliza hofu hiyo. Wametoa stoo vifaa vya 2020, wamevipanga mlangoni, basi, kazi imekwisha. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe ni mkaguzi wa afya.

Tuanze na ndoo. Nyingi ni zile za kukanyaga walizochomelea mafundi wa Katwe na kwingineko: fremu ya chuma, jerikeni ya lita 20 juu, chupa ya sabuni pembeni, pedali mbili chini. Ubunifu mzuri sana. Bomba la kawaida unalifungua kwa mkono mchafu, unanawa, kisha unalifunga kwa mkono safi na kuuchukua tena uchafu wako pamoja na wa waliokutangulia. Pedali inaondoa hilo. Ila pedali inavuta waya wa breki ya baiskeli, na waya hulegea kwa kazi. Ukiona pedali inafika sakafuni na maji yanatoka tone tone, kifaa hakijafa. Kinadai spana moja na dakika mbili: legeza nati, vuta waya, kaza. Badala yake kinaegemezwa ukutani na kuandikwa "KIBOVU".

Sabuni nayo inaganda kwa sababu wanaweka ile nzito ya vyombo, inakauka kwenye tundu. Sabuni ya unga vijiko viwili vya chakula vilivyojaa, karibu gramu 30, ndani ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, ukaitikisa, inatosha na wala haizibi kitu.

Na siri ya ndoo kuwa tupu iko chini, kwenye beseni. Mpigie kila mtu hesabu ya nusu lita: lita 20 ni watu 40. Jengo lenye benki linawamaliza hao kabla ya saa nne asubuhi. Maji yote yaliyotoka juu yameshuka kwenye beseni, na askari aliyeajiriwa kulinda mlango hakuambiwa nani akamwage wala wapi. Akijaza juu, chini patafurika hadi kwenye viatu vya wateja. Kwa hiyo hajazi. Mlaumu askari ukitaka. Mimi namlaumu aliyelipia chuma akasahau shimo la kokoto la kupokea maji.

Halafu jiki, ile dawa ya klorini ya kutoa madoa. Desturi ya kumimina jiki kwenye maji ya kunawa tumeirithi kwenye Ebola, Gulu mwaka 2000 na Mubende 2022, ambako maji ya klorini ya asilimia 0.05 yalikuwa na kazi yake. Kirusi cha mafua kimevaa utando wa mafuta. Sabuni inayokata mafuta ya sangara kwenye sahani inauchana utando huo. Maji, sabuni, sekunde 20 za kusugua hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, umemaliza. Jiki ya kukadiria kwa jicho inawasha ngozi tu, na kesho mtu anapita pembeni ya ndoo.

Ipelekeni jiki inakotakiwa: vitasa, reli za ngazi, vitufe vya lifti na vya mashine za pesa. Kwenye chuma na plastiki kirusi cha mafua kinaweza kuishi siku moja hadi mbili. Jiki ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 34 vya maji, inakupa asilimia 0.1, kwa jerikeni ya lita 20 ni mililita 570 hivi. Lebo ikisema asilimia nyingine, igawanye kwa 0.1, toa 1, hivyo ndivyo vipimo vya maji. Osha kwanza kwa sabuni kwa sababu uchafu unaila klorini. Pakaa, acha dakika 10, kisha pangusa kwa maji, la sivyo chuma kitaota kutu. Changanya ya siku hiyohiyo na uifunike mbali na jua. Na tafadhali, jiki na dawa ya choo yenye asidi visikutane, vinatoa gesi ya sumu.

Sanitaiza ndiyo kichekesho chenyewe. Askari anakupulizia "pss" moja, vidole viwili vinalowa, ingia. Inatakiwa kiganja kijae, kama mililita 3, usugue hadi ikauke yenyewe, sekunde 20 hadi 30. Inatakiwa pia alkoholi isipungue asilimia 60. Ile ya asilimia 70 ikiongezwa maji nusu kwa nusu ili ifike mwisho wa mwezi inabaki 35, yaani chini ya waragi wa dukani wenye 40. Kuna wanaoijaribu kwa kiberiti: ikiwaka ni nzuri. Uongo! Hata kinywaji cha asilimia 40 kinaweza kushika moto mchana wa joto, na methanoli, ambayo ni sumu, inawaka vizuri zaidi. Tazameni alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na asilimia iliyoandikwa, viberiti viachieni jiko.

Bunduki ya joto, kile kipimajoto cha kulenga bila kugusa, sijui hata niiseme vipi. Inapigwa kwenye kifundo cha mkono wa mtu aliyeshuka kwenye boda sasa hivi, ngozi imepulizwa na upepo, inasoma 33, askari anasema "pita mzee". Mtu mwenye joto la mwili la 33 alipaswa kuwa amelazwa! Kipimo ni kwenye paji la uso, pakavu, sentimita 3 hadi 5, chini ya kivuli, baada ya mtu kutulia. Nyingi zina kitufe cha kubadili kati ya joto la mwili na joto la vitu. Kikiwa kwenye vitu, kila mteja ni meza. Na hata ikipimwa sawasawa, mwenye mafua anaanza kuambukiza siku moja kabla ya dalili. Aliyemeza panadol saa mbili zilizopita naye atapita.

Wakati huohuo kalamu ya wakala wa mobile money imefungwa kamba na inashikwa na kila anayetoa pesa, kitabu ni kilekile, kidole kinabonyezwa kwenye kioo kilekile cha kusajili laini. Barakoa pale paki ya teksi zinauzwa mkononi na wateja wanazijaribu puani moja baada ya nyingine kama miwani ya jua.

Nimeiacha hewa mwisho makusudi, kwa maana hapo ndipo tunapoangamia. Mafua yanasafiri zaidi kwa pumzi na matone ya mtu aliye karibu kuliko kwa kitasa. Lakini hewa haipigwi picha. Drone, ile teksi ya HiAce ya watu 14, inakaa paki nusu saa ikijaza, madirisha yamefungwa, gari limesimama, hakuna upepo. Ukumbi wa benki una kiyoyozi kinachozungusha hewa ileile. Nyumba zetu za mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyoungana, zina matundu ya hewa juu ya dirisha, na karibu yote yamezibwa kwa boksi au kaveera (mfuko wa plastiki) kwa kuogopa mbu. Weka wavu wa mbu pale, shilingi chache na misumari minne, usiku watu sita waliolala chumba kimoja wapate pa kupumulia. Hilo hakuna mkaguzi anayelikagua.

Stegi_ya_Mwisho

Ndugu, madirisha unayasema kwa urahisi. Mvua ikinyesha anayelowa ni abiria wa dirishani, na hakuna nauli ya kulowa. 2020 tuliambiwa abiria 7 badala ya 14, lakini watu saba ndani ya gari lililofungwa bado wanavuta pumzi za wenzao.

Kinachowezekana hata kwenye mvua: dirisha la dereva na la siti ya nyuma kabisa upande wa pili, upana wa vidole vinne tu. Hewa inakata mshazari. Kisha kwenye dashibodi kuna kitufe cha kusukuma chenye michoro miwili, mshale unaoingia garini na mshale unaozunguka ndani. Kwa vumbi la murram madereva wanakiacha kwenye mzunguko miaka nenda rudi. Kisukumeni kwenye mshale unaoingia, feni namba mbili. Feni ikigoma, angalieni fyuzi kwanza, halafu brashi za mota.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Umesahau maduka ya dawa. Hasira zangu ziko huko.

Mtu anakohoa siku mbili, anauziwa amoksilini nusu dozi. Mafua ni kirusi, amoksilini ni dawa ya bakteria, haikigusi. Anaongezewa kidonge cha mafua na panadol, bila kuambiwa kwamba vidonge vingi vya mafua tayari vina parasetamoli ndani. Mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500 kutoka pande zote. Ukizidisha, ini ndilo linalolipa. Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini kabisa. Na anayewapa deksamethasoni "ili wachangamke" anawaharibia: inashusha kinga wakati mwili unapigana.

Kujifukiza kalitunsi (mkaratusi) na mululuza (majani machungu) kunafungua pua, sikatai, ila sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni ajali ya kuungua inayosubiri.

Mkitaka kipimo cha maana, wekeni simu kwenye saa mhesabu pumzi za mtoto dakika nzima, ametulia, halii. Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi, hospitali. Miezi 2 hadi mwaka: 50. Mwaka 1 hadi 5: 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, msihesabu, nendeni. Kwa mtu mzima: kifua kubana, kuchanganyikiwa, midomo kuwa ya bluu, au homa iliyokwisha ikarudi upya na kikohozi kizito, hiyo ya mwisho mara nyingi ni nimonia imepanda juu ya mafua.

Mzee_wa_Tangawizi

Mnatia chumvi. Mafua ni mafua. Limao, tangawizi, asali, siku tano umepona.

Kibuyu_Chirizi

Mzee wetu, shikamoo. Tangawizi kunywa, haina ubaya. Ila kirusi cha H1N1, yale mafua ya nguruwe, kilichotangazwa kuwa janga tarehe 11 Juni 2009, kikafika Uganda Julai mwaka huohuo, hakikuondoka janga lilipotangazwa kwisha Agosti 2010. Uzao wake ungali unazunguka kama mafua ya kawaida. Wewe siku tano utapona. Mjamzito, mtoto chini ya miaka 5, mwenye pumu, siko seli (selimundu) au VVU asiye kwenye dawa, na mzee wa zaidi ya 65 hawana uhakika huo.

Na kwa wanaouliza mafua ya ndege: Januari 2017 kirusi chake cha H5N8 kiliua ndege wa porini Lutembe, kando ya Ziwa Viktoria, na bata na kuku Masaka. Kuku aliyekufa mwenyewe usimnyonyoe, usimuuze, usimpe mbwa. Mwite afisa mifugo. Kuja kujua kirusi kipi kinazunguka ni kazi ya UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe, wanaopima sampuli za mafua. Sauti ya dakika mbili ya WhatsApp haipimi kitu.

Mpakani_Busia

Na mabango? Huku kwetu na Malaba dereva wa lori kutoka Mombasa na mama wa dagaa wanaelewana kwa Kiswahili, bango ni Kiingereza kitupu. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022! Mbaya zaidi mchoro unaonyesha mtu akikohoa kwenye kiganja, kiganja hichohicho kinachopokea karatasi za forodha. Kohoa ndani ya kiwiko. Jambo hilo moja tu wangelichora.

Mwalimu_wa_Zamu

Wakuu, kwa shule yenye watoto 300 na bomba moja lililokauka?

Kibuyu_Chirizi

Mwalimu, achana na vyuma. Jerikeni nane au kumi za lita 5 zipange kwenye ujiti mmoja mrefu ulioegemea nguzo mbili zenye panda, kimo cha kiuno cha mtoto. Jerikeni ining'inie kwa mshikio wake. Pasha msumari wa inchi tatu, toboa upande wa mbele, sentimita 12 hivi kutoka kitako, tundu moja tu. Funga kamba shingoni mwa jerikeni chini ya kifuniko, ncha ya pili kwenye kijiti cha kukanyagia kilicholala chini, kisiguse ardhi upande wa kamba. Mtoto akikanyaga, jerikeni inainama na kumwaga, akiachia, inarudi. Jaza hadi chini kidogo ya tundu, la sivyo itamwaga bila kukanyagwa. Kipande cha sabuni kitoboe katikati, kitundike kwa kamba na kukifunika na kopo la plastiki, maana mvua inakiyeyusha na kunguru wanakiiba. Chini mwaga kokoto, ndoo mbili kwa kila jerikeni. Tundu usitoboe kwa kisu, plastiki itapasuka hadi chini.