Mrejesho: nakala rudufu za kompyuta ya nyumbani

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza programu gani ya kuhifadhi nakala itafaa kompyuta yetu hapa mtaani Umoja, Nairobi, maana stima ilikuwa inapotea kila mara na diski imeanza kukwaruza. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kuanza na File History, iliyomo ndani ya Windows, nikanunua diski ya nje ya terabaiti 1 pale barabara ya Luthuli, mjini. Video ya harusi ya dada yangu, gigabaiti 6, ilikataa kabisa kuingia. Kumbe diski ilikuwa ya FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao haupokei faili inayofika gigabaiti 4. Nikaifomati upya kwa mpangilio mwingine, NTFS, video ikaingia.

Nakala ya pili, kwa programu ya Duplicati kwenda Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, imefaulu nusu tu: gigabaiti 15 za bure zilijaa upesi, kwa hiyo huko nimebakiza hati peke yake.

Na wewe uliyesisitiza nijaribu kurejesha faili kutoka kwenye nakala kabla ya kuiamini, Mungu akubariki. Nilirejesha picha za marehemu mama kwenye folda mpya, nikazifungua moja moja. Zote 312 zipo.